Kurudilia mtihani wa kuingia universite: lini inafaa, lini haifai?

Kijana amefanya mtihani wake. Majuma yamepita, na sasa pointi zake zimefika. Si mbaya, lakini hazikufika pale alipotumaini. Baba anasema: «Rudilia.» Mwalimu anasema: «Ngoja kwanza.» Rafiki anasema: «Mimi nimeufanya mara tatu.» Naye kijana mwenyewe anaogopa mambo mawili: akiurudilia, labda atapoteza siku na feza, asipourudilia, labda atajilaumu muda mrefu. Afanye nini?

Swali hili linaulizwa kila mwaka katika nyumba nyingi za Marekani. Linatugusa sisi vile vile, kwa sababu jamaa nyingi za Wakongo wenye kusema Kiswahili walipokelewa kule kama wakimbizi, na watoto wao wanafika sasa kwenye mlango wa universite. Mjomba aliyebaki Bukavu ao Kalemie anaweza kuulizwa shauri kwa simu. Ni vema ajue analosema.

I. Mtihani huu ni nini?

Jina lake ni SAT. Ulifanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926. Wenye kuusimamia si Serikali, ni shirika moja linaloitwa College Board. Una vipande viwili: cha kwanza ni kusoma na kuandika Kiingereza, cha pili ni mahesabu. Kila kipande kinapewa pointi tangu 200 mpaka 800. Kwa hiyo jumla ya chini ni 400, na jumla ya juu kabisa ni 1600.

Tangu 2023 katika nchi za nje, na tangu 2024 katika Marekani yenyewe, mtihani unafanywa kwa ordinateri. Unachukua saa mbili na dakika 14: dakika 64 kwa Kiingereza, na dakika 70 kwa mahesabu. Kila kipande kimegawanywa nusu mbili. Mwenye kujibu vizuri katika nusu ya kwanza anapewa maswali magumu zaidi katika nusu ya pili, na kwa njia hiyo anaweza kupata pointi za juu. Jibu la uongo haliondoi pointi. Basi si vema kuacha swali hata moja bila jibu.

Hapa kuna tofauti kubwa na kwetu. Katika Kongo, mtihani wa Serikali, uliofanywa mara ya kwanza katika mwaka wa 1967, unakuja mara moja tu kwa mwaka. Mwenye kuanguka anangojea kwa kawaida mwaka wa kufuata. Katika China vile vile, mwenye kutaka kurudilia mtihani mkubwa wa mwezi wa Juni anatoa mwaka mzima wa maisha yake. Lakini SAT unafanywa mara nyingi kwa mwaka, na hakuna anayeanguka wala anayefaulu: kuna pointi tu. Ndiyo maana kuurudilia ni rahisi. Na kwa sababu ni rahisi, wengine wanaurudilia bila kufikiri, na wengine wanauacha bila kufikiri.

II. Pointi zinapima nini?

Tuelewe neno moja kwanza. Hakuna mtihani unaopima akili ya mtu sawasawa na mizani ya sokoni inavyopima unga. Kijana yule yule, akifanya mtihani Jumamosi mbili bila kujifunza kitu katikati, hatapata pointi zile zile. Siku moja amelala vizuri, siku nyingine hakulala. Siku moja maswali yamefuata alichokijua, siku nyingine yamekwenda pembeni. College Board wenyewe wanajua jambo hilo: pamoja na pointi wanaonyesha nafasi ya makumi machache juu na chini, ambamo uwezo wa kweli unaweza kukaa.

Katika neno hilo tunapata mafundisho mawili. La kwanza: mwenye 1390 na mwenye 1400 ni sawa, ijapokuwa macho yanaona hesabu ya pili kuwa nzuri zaidi. La pili: aliyepata pointi kupita sana zile alizozoea kupata katika mazoezi, bahati imemsaidia kidogo, akirudi, anaweza kushuka. Lakini aliyepata chini sana ya mazoezi yake, ana sababu nzuri ya kurudi.

Wataalamu watatu wa mambo ya uchumi, Joshua Goodman, Oded Gurantz na Jonathan Smith, walichunguza sana habari hii, na kazi yao ikachapwa katika 2020. Waliona kwamba nusu tu ya wenye kufanya SAT wanaurudilia. Waliona tena kama wale waliokosa kidogo tu hesabu ya mia kamili wanarudi zaidi kuliko wale walioigusa, ijapokuwa uwezo wao ni mmoja. Hiyo ni kazi ya macho, si kazi ya akili. Lakini tofauti hiyo ndogo iliwapa wachunguzi njia ya kupima matunda ya kurudi. Na matunda waliyaona: kurudilia kunapandisha pointi, na kunaongeza hesabu ya vijana wenye kuingia universite za miaka minne, zaidi sana watoto wa maskini na watoto wa makabila yasiyopata nafasi nyingi katika masomo makubwa. Na hao ndio wanaorudi mara chache kupita wengine!

Jambo hilo litushitue. Mtoto wa tajiri anaambiwa tangu mwanzo: «Mara ya kwanza ni ya kujaribu.» Mtoto wa mkimbizi anafikiri: «Nimepimwa, nimeonekana, imekwisha.» Hapana. Haijakwisha.

III. Maswali matano ya kujiuliza

1. Universite ninayoitaka, inauliza pointi hizi? Katika mwaka wa 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid, universite nyingi ziliacha kulazimisha mtihani. Kisha nyingine zikarudi nyuma: MIT katika 2022, Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza vile katika 2024. Universite za Serikali ya California hazitazami pointi za SAT hata kidogo wakati wa kuchagua wanafunzi. Nyingine nyingi zinamwachia kijana hiari: apeleke ao asipeleke. Basi mwenye kutaka California peke yake anajisumbua bure, na mwenye kutaka MIT inampasa kupeleka pointi za mtihani. Kwa kuwa sheria hizi zinabadilika, inapasa kusoma tangazo la universite yenyewe, la mwaka ule ule.

2. Pointi zangu ziko wapi kati ya pointi za waliopokelewa? Universite nyingi zinatangaza hesabu mbili. Robo ya waliopokelewa wako chini ya hesabu ya kwanza, nusu wako katikati, na robo wako juu ya hesabu ya pili. Aliye chini ya hesabu ya kwanza, kurudi kunaweza kumfaa sana. Aliye katikati, kunaweza kumfaa kidogo. Aliye juu ya hesabu ya pili, apumzike. Lakini angalia: pale ambapo kupeleka pointi ni hiari, wenye pointi ndogo wanazificha, na hesabu zinazotangazwa zinapanda kupita kweli. Usizisome kwa woga.

3. Sababu gani nilipata pointi hizi? Ulikuwa mgonjwa? Ulikosa wakati? Hukuzoea ordinateri? Hukujifunza bado sehemu moja ya mahesabu? Sababu hizo zina dawa. Lakini kama ulijitayarisha vizuri, ukafanya mazoezi mengi, na mtihani ukatoa zile zile za mazoezi, basi mtihani umesema kweli. Kurudi bila kubadilisha kitu ni sawa na kutupa wavu mara ya pili pahali pale pasipo samaki.

4. Nina siku na feza za kutosha? Tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi mara nyingi ni mwanzo wa Novemba kwa wenye kutangulia, na mwanzo wa Januari kwa wengine. Pointi zifike mbele ya siku hiyo. Kuhusu feza, kijana wa jamaa maskini anayesoma katika Marekani anaweza kupata ruhusa ya kufanya SAT mara mbili bila kulipa. Amwulize mshauri wa shule yake. Mazoezi ya bure yako vilevile: College Board wanatoa mitihani mizima ya kujaribia, na Khan Academy inafundisha bure kwa intaneti.

5. Nitaacha kazi gani kusudi nirudi? Majuma sita ya kujitayarisha yanatoka mahali fulani. Yakitoka katika michezo, si neno. Yakitoka katika masomo ya shule, hasara inaweza kupita faida, kwa sababu universite zinatazama kwanza kazi ya shule ya miaka yote.

IV. Mfano mmoja

Tuseme binti mmoja amepata 640 kwa Kiingereza na 570 kwa mahesabu: jumla 1210. Anarudi baada ya kujifunza mahesabu miezi miwili. Sasa anapata 620 kwa Kiingereza na 650 kwa mahesabu: jumla 1270. Kiingereza kimeshuka, amepata hasara? Hapana. Universite nyingi zinachukua kipande kizuri cha kila siku na kuviunga: 640 na 650, jumla 1290. Katika universite za namna hii, kurudi hakuondoi kitu, na mwenye kipande kimoja dhaifu anaweza kutia nguvu zake zote pale.

Lakini si zote zinafanya hivyo. Universite ya Georgetown, ya Mapadri Wayezuiti katika Washington, inajulikana kwa kutaka kuona pointi za kila mara kijana aliyoufanya mtihani. Nyingine zinakubali kijana achague siku ya kupeleka na siku ya kuacha. Kwa hiyo asiyejua sheria asifanye mtihani kwa mchezo, akisema: «Nitaificha.»

V. Lini tuache?

Mara ya pili, kwa aliyejitayarisha, mara nyingi inafaa. Mara ya tatu inaomba sababu ya wazi. Kupita hapo, faida inapungua kila mara, na uchovu unaongezeka.

Na tusidanganye vijana wetu. Harvard inapokea watu wasiofika watano kwa mia, na kati ya wanaofukuzwa mlangoni wako wengi wenye pointi za juu kabisa. Pointi zinafanya barua yako isomwe vizuri, hazikupi kiti. Baba anayemlazimisha mwana kurudi kwa sababu jirani amepata 1500 anatafuta sifa yake mwenyewe, si faida ya mtoto. Naye mama anayesema «inatosha» kwa kuhurumia machozi ya siku moja anaweza kufunga mlango uliokuwa wazi.

Shauri letu ni hili. Siku pointi zinapofika, msikate neno siku ile. Ngojeni juma moja. Kisha kaeni pamoja, mzazi na mtoto, na karatasi mbele yenu, mjibu maswali matano kwa kuyaandika. Kama majibu yanaonyesha kosa lenye dawa, siku za kutosha, na universite yenye kutazama pointi, basi ajiandikishe bila haya. Kama sivyo, afunge kitabu cha mtihani, afungue vitabu vya shule, na aandike barua zake kwa roho tulivu. Katika njia zote mbili atakuwa amechagua mwenyewe, na mwenye kuchagua kwa kujua hana sababu ya kujilaumu kesho.