Funza chini ya ukoka wa Njombe

Mvua zikielekea ukingoni, mwezi wa Aprili au Mei, ukoka uliokuwa umestawi uani huweza kuanza kutoka mabaka ya manjano. Mwenye nyumba humwagilia, huongeza mbolea, kisha humshuku fuko. Kabla ya kumsingizia, ashike nyasi za pale kwenye baka azivute. Zikibanduka kama jamvi, bila mzizi wa kuzizuia, aliyezila ni funza mweupe.

Huyu ni buu la mbawakawa: mnene, amejikunja nusu duara, kichwa cha kahawia, miguu sita karibu na kichwa, na nyuma pana weusi wa uchafu ulio tumboni. Wakulima wa viazi mviringo wana ugomvi naye wa zamani, kwani hutoboa viazi vikiwa bado ardhini.

Kwa kawaida mbawakawa hutoka udongoni mvua za kwanza zinapolainisha ardhi, na katika nyanda za Njombe hiyo ni Novemba au Desemba. Jioni hufuata taa, iwe ya baraza Njombe au ya kituo cha mafuta pale Makambako, njia panda ya Songea. Kumbikumbi wakitoka msimu huohuo watoto huwakimbilia na ndoo. Mbawakawa hapati heshima hiyo. Jike huingia kwenye udongo wenye unyevu, hutaga, na baada ya wiki chache mabuu huanza kula mizizi. Hujivua ngozi mara mbili, na baada ya mara ya pili ndipo ulafi hasa unapoanza. Kiangazi kikikaza, huchimba chini zaidi.

Ndiyo maana dawa nyingi hununuliwa zikiwa zimechelewa. Baka la manjano huonekana funza akiwa mkubwa, na funza mkubwa ni mgumu kufa. Dawa ya imidakloprid hufanya kazi kwa mabuu machanga, lakini hudhuru nyuki. Umoja wa Ulaya uliizuia mashambani mwaka 2018. Nami sioni sababu ya kuimwaga uani penye maua na watoto. Pareto, fahari ya nyanda hizi, nayo haisaidii sana hapa: jua huiharibu upesi, na inayosalia hunasa kwenye udongo wa juu kabla ya kumfikia funza. Marekani huuzwa bakteria wanaomuua mbawakawa wa Japani, aliyegunduliwa New Jersey mwaka 1916. Hao ni wa mbawakawa yule. Wa kwetu hawamdhuru.

Hata ushauri wa kuacha kumwagilia wakati wa kutaga umetoka kwenye nchi zenye kiangazi kikavu. Njombe mbawakawa hutaga mvua zikinyesha, na mvua haina koki.

Basi anza kwa kuhesabu. Mnamo Januari au Februari kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, pande tatu tu, kikunje, chambua udongo wa juu, kisha kirudishe. Wataalamu wa nyasi wa Marekani huanza kufikiria dawa wakikuta funza kati ya 5 na 10 katika kipande kama hicho. Ukoka wenye mizizi mirefu huvumilia wachache. Ukikuta mmoja, mweke kwenye sakafu laini. Akitambaa kwa mgongo, miguu juu, huyo ni mla mboji, mrudishe kwenye lundo la samadi.

Kufyeka ukoka usiwe mfupi mno huupa mizizi nguvu, na kuzima taa za nje jioni za Novemba hupunguza wageni. Kwarara wakitua uani wakidunga midomo ardhini, waache wale. Palipokwisha kubanduka, ondoa nyasi zilizokufa, geuza udongo, ufungulie kuku siku mbili tatu. Kisha panda vipande vipya vya ukoka mvua zikingali zinanyesha, kwani vikingoja Juni baridi ya Njombe huvidumaza hadi msimu ujao.