Baa Iliyopinda kwa Karibu Miaka 200, Ikaangushwa Ndani ya Siku Mbili

Hebu cheki hii. Umeingia baa, hujaonja hata tone, lakini tayari unajihisi mlevi. Dirisha limeinama, mlango umekaa upande. Unaweka bano mezani na linapanda mlima lenyewe!

Hiyo ilikuwa Crooked House, nje ya kijiji cha Himley, Staffordshire, huko Uingereza. Ilijengwa 1765 kama nyumba ya shamba, ikageuzwa baa kama mwaka wa 1830. Shida ni kwamba wasee walikuwa wanachimba makaa ya mawe chini yake. Ardhi ikazama, upande mmoja wa nyumba ukashuka kama mita 1.2 kuliko ule mwingine. Miaka ya 1940 ilikuwa ibomolewe, lakini kampuni ya bia ikainunua na kuikaza kwa vyuma na nguzo.

Na lile bano? Si uchawi, buda. Ukuta, dirisha na sakafu vyote vimepinda, kwa hivyo macho yako yanaamini chumba kimenyooka. Bano linateremka kama kawaida, ni wewe unaona linapanda.

Sasa sikia noma. Julai 2023 baa ikauzwa. Usiku wa Agosti 5 ikashika moto, na wazima moto walipofika wakakuta njia imezibwa na marundo ya udongo. Agosti 7, tingatinga likamaliza kuta zilizobaki. Baraza la eneo likasema halikuruhusu jengo lote liangushwe, nao makarao wakaanza kuchunguza moto huo kama wa kuwashwa makusudi. Wenyeji walimiminika pale kutazama matofali, ungedhani ni matanga. Na si ajabu, pale ndipo babu zao walipigia stori.

Februari 2024 baraza likaagiza wenye ploti waijenge upya ndani ya miaka 3, ikae vile ilivyokuwa kabla ya moto. Wao wakakata rufaa.

Unafikiri haiwezekani? Carlton Tavern ya London ilibomolewa bila kibali 2015, ikajengwa upya kwa amri, na 2021 wateja wakarudi kukata maji. Tofauti ni kwamba hiyo ilikuwa imenyooka. Huku Himley, fundi atalazimika kupinda ukuta makusudi, na bado alipwe.