Mipapai: Kutoka Mkebe Hadi Shamba

Kila mvua ikikaribia tunaulizwa swali lile lile: mbona miche ya mapapai inapendeza ikiwa barazani, halafu ikipelekwa shamba inakauka? Hata sisi yalitupata. Msimu mmoja kikundi chetu kilitoa miche yote barazani asubuhi, tukaipanda juani siku hiyo hiyo. Wiki haikuisha, karibu yote ilikuwa imekauka. Tukalaumu mbegu, tukalaumu mchwa, kumbe kosa lilikuwa letu.

Mpapai hautaki mizizi yake isumbuliwe, ndiyo sababu tunauanzia kwenye mkebe. Toboa mkebe chini, jaza udongo mzuri uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe iliyooza. Osha mbegu mpaka ule utelezi utoke, zianike kivulini, kisha panda 3 kwa kila mkebe. Zitaota kwa wiki 2 hadi 4. Sehemu za baridi huchelewa zaidi, kwa hivyo usiku ingiza mikebe ndani ya nyumba. Baadaye bakisha mche mmoja wenye nguvu. Na maji yasizidi! Miche mingi huoza shina kwa kupendwa sana.

Ikifika urefu wa shubiri moja hivi, ianze kuzoea jua. Siku ya kwanza itoe nje kwa muda wa saa moja tu, jua la asubuhi, halafu uirudishe. Kila siku ongeza kidogo, ukipunguza maji bila kuiacha inyauke. Baada ya siku 10 hivi itaweza kushinda juani mchana kutwa. Hapa ndipo sisi tulipokosea.

Chimba shimo la futi 2 kila upande, mahali ambapo maji hayasimami, utie debe moja la mbolea. Panda jioni, mvua ikiwa imeshika. Pasua mkebe ili udongo utoke mzima, na shina lisizikwe kuliko lilivyokuwa.

Kila shimo litie miche 3. Mipapai yetu ya kienyeji ina dume na jike, na huwezi kuitambua mpaka itoe maua. Ya dume huning'inia kwa vikonyo virefu. Ya jike hukaa karibu na shina. Ng'oa madume, lakini bakisha moja kwa kila majike 10 hivi. Ukiyamaliza yote, maua ya majike yatapukutika tu.