Ukiitwa Mahojiano ya Kazi ya Ustawi wa Jamii

Vijana wetu wengi wakiitwa mahojiano hubeba vyeti tu. Vyeti peke yake havitoshi, ndugu. Huenda ukaulizwa hivi: "Mtoto akikuambia anapigwa nyumbani, halafu akuombe usimwambie mtu, utafanyaje?" Usiseme utaficha siri, wala kwamba utawaachia wazee wapatanishe. Sema utamsikiliza kwa upole, umweleze ni nani lazima ajue, kisha umjulishe ofisa wa watoto au upige simu 116, ambayo hailipiwi. Tunashauri usome Sheria ya Watoto ya 2022. Taja pia uliyofanya kikundini: kuweka daftari, kutembelea wagonjwa, kutuliza ugomvi. Nanyi wanakikundi, mwulizeni maswali haya kabla siku haijafika.