Kitabu, toleo na nakala: Maktaba ndogo inahitaji maneno yenye mipaka

Ukimuuliza mwalimu anayesimamia maktaba ya shule ana vitabu vingapi, atakujibu bila kusita: “Elfu moja na mia mbili.” Muulize tena, “Anwani ngapi?” na hapo ataanza kukuna kichwa. Vitabu 1,200 vinaweza kuwa anwani 1,200 zenye nakala moja moja. Vilevile vinaweza kuwa anwani 30 zenye nakala 40 kila moja. Hesabu ni ile ile, lakini maktaba ni mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inamfaa msomaji anayetafuta kujua mengi. Ya pili inalifaa darasa zima linalosoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja.

Katika makala ya leo ninalenga kuonyesha kwamba tatizo hili, ambalo wengi hudhani ni la rafu na kompyuta, kwa kiasi kikubwa ni tatizo la lugha. Tunatumia neno “kitabu” kwa vitu vitatu au vinne tofauti, kisha tunashangaa daftari likikataa kulingana na rafu.

Tuanze na neno “nakala”. Neno hili, pamoja na kitenzi “nakili”, asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kunakili ni kuyahamisha maneno kutoka karatasi hii hadi ile. Neno liliingia katika lugha yetu enzi ambapo vitabu, au “vyuo” kama walivyoviita wazee wa pwani, vilikuwa vikiandikwa kwa mkono. Siyu, Pate na Lamu zilikuwa na waandishi waliofanya kazi hiyo kwa wino na subira. Wakati huo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba nakala mbili ni vitu viwili. Kila moja ilikuwa na mwandiko wake, makosa yake na madoa yake. Ulitambua chuo cha fulani kwa kukitazama tu.

Mashine ya kupiga chapa ilibadilisha mambo. Nakala elfu tatu hutoka kiwandani zikifanana kama punje za mchele. Hapo ndipo tulipoanza kusema “kitabu hiki” tukimaanisha mara nakala iliyo mkononi, mara maandishi yaliyomo ndani yake. Katika mazungumzo ya kawaida hilo halina neno. Nikikwambia “kitabu hicho nimekisoma”, huniulizi ni nakala ipi. Lakini nikikwambia “kitabu hicho nimekirudisha”, swali la nakala ipi linakuwa na uzito wa pesa.

Wataalamu wa ukutubi waliliona suala hili zamani. Mwaka 1998, shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa ripoti iliyopendekeza kwamba kile tunachokiita kitabu kina ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni kazi yenyewe kama ilivyobuniwa na mtunzi. Ya pili ni umbo ambalo kazi hiyo imepewa kwa lugha fulani. Ya tatu ni toleo lililochapishwa. Ya nne ni nakala moja moja iliyo rafuni.

Mfano ulio karibu nasi ni tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Hiyo ni kazi moja. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ni umbo jipya la kazi ile ile. Tafsiri ilitoka mwaka 1963, kisha akaipitia upya na ikatoka tena mwaka 1969 kwa anwani ya <i>Juliasi Kaizari</i>. Hayo ni matoleo mawili, na msomi anayechunguza jinsi Mwalimu alivyorekebisha tafsiri yake anayahitaji yote mawili. Halafu kuna ile <i>Juliasi Kaizari</i> ya maktaba yenu, yenye jalada lililochanika na jina la mwanafunzi wa zamani kwenye ukurasa wa kwanza. Hiyo ndiyo nakala. Kazi haiwezi kulowa mvua. Nakala ndiyo inayolowa.

Sasa, mtu anayeandaa katalogi ya maktaba ndogo hana haja ya kubeba ngazi zote nne kichwani. Mbili za mwisho zinamtosha: toleo na nakala. Kanuni ni nyepesi. Kila toleo liwe na rekodi moja. Kila nakala iwe na nambari yake, na nambari hiyo iwekwe chini ya rekodi ya toleo lake. Ukiwa na nakala sita za toleo moja, huandiki rekodi sita zenye jina lile lile la mwandishi, mchapishaji na mwaka. Unaandika rekodi moja, kisha chini yake unaorodhesha nambari sita. Programu za maktaba zimejengwa kwa mpango huu. Koha, kwa mfano, ambayo ilianzia New Zealand na hutolewa bila malipo, hutenganisha rekodi ya kitabu na orodha ya nakala zake, na haikubali nakala mbili ziwe na nambari moja.

Hapa pana mtego wa istilahi. Wachapishaji wetu wakati mwingine huandika “toleo la tatu” mahali walipopaswa kuandika “chapa ya tatu”. Chapa mpya ni kurudia kuchapisha maandishi yale yale kwa sababu nakala za kwanza zimeisha. Toleo jipya ni maandishi yaliyobadilishwa. Tazama <i>Kamusi ya Kiswahili Sanifu</i>: toleo la kwanza lilitoka mwaka 1981, la pili 2004 na la tatu 2013. Hizo ni rekodi tatu, kwa sababu mwanafunzi anayetafuta neno katika toleo la 1981 huenda asilipate, na katika lile la 2013 akalipata. Lakini ukiwa na nakala mbili za toleo la 2004 zilizochapishwa miaka tofauti bila mabadiliko, hizo ni nakala mbili chini ya rekodi moja. Kwa hivyo, kabla ya kuamua kwamba vitabu viwili ni nakala za toleo moja, fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye anwani. Linganisha mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na nambari ya ISBN. Jalada peke yake linadanganya.

Tumefika kwenye mistari ile myeusi na myeupe. Kiswahili kinaiita “msimbopau”, ingawa dukani utasikia “bakodi” na watu wakaelewana vizuri tu. Teknolojia hii ilipata hataza Marekani mwaka 1952, na tarehe 26 Juni 1974 pakiti ya chingamu ikawa bidhaa ya kwanza kusomwa kwa mashine katika duka moja la mji wa Troy, Ohio. Mfanyabiashara wa chingamu hajali ni pakiti ipi umenunua. Anajali ni aina gani, ili ajue bei. Msimbopau ulio nyuma ya kitabu hufanya kazi hiyo hiyo. Unabeba ISBN, ambayo tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Vitabu vingi vya Kenya utaviona na 978, kisha 9966, ambayo ni nambari iliyotengewa nchi yetu. Tarakimu zinazofuata humtambulisha mchapishaji na kitabu, na ya mwisho kabisa hupatikana kwa hesabu inayosaidia mashine kugundua kosa la kunakili.

Hakuna tarakimu hata moja kati ya hizo 13 inayoitambulisha nakala. Nakala zote elfu tatu zilizotoka kiwandani zina msimbopau mmoja. ISBN hulitambulisha toleo. Anayeitumia kuazimisha vitabu anamchukulia kila mwanafunzi kana kwamba ameazima pakiti ya chingamu.

Kuna maktaba moja ya kijiji ambayo huisaidia nikiwa likizoni. Vijana wa kujitolea walikuwa wameweka orodha ya vitabu kwenye lahajedwali, na kila kitabu kilichoazimwa walikisoma kwa mashine kupitia ISBN. Riwaya ya <i>Utengano</i> ya Said Ahmed Mohamed ilikuwa na nakala sita, kwa hivyo mistari sita yenye nambari moja. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliazima nakala, na mvulana mwingine akaazima nyingine. Msichana aliporudisha yake, kompyuta ilitafuta nambari ile, ikasimama kwenye mstari wa kwanza iliyoukuta, na jina la mvulana ndilo likafutwa. Mwisho wa muhula mvulana hakudaiwa chochote, naye msichana akaandikiwa barua ya kulipa. Mamake alikuja na nauli ya kwenda tu, akauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: “Hivi vitano vilivyo hapa, mnajuaje kwamba kimojawapo si hicho chake?”

Hawakuweza kujua. Hakukuwa na alama yoyote kwenye nakala zile iliyoweza kumtetea mtoto yule wala kumshtaki. Kamati ilifuta deni, na ilifanya haki, kwa sababu mwenye kudai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Wiki iliyofuata tulianza kazi ya kuipa kila nakala nambari yake.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Kwanza tulikusanya pamoja nakala za kila anwani na kuzilinganisha kama nilivyoeleza. Kisha tukaipa kila nakala nambari ya mfululizo: 00001, 00002, na kuendelea, bila kujali ni kitabu gani. Wengine hupenda kuisheheni nambari maana, kwa mfano herufi za mwandishi, mwaka na darasa. Nashauri msifanye hivyo. Mahali pa kitabu rafuni panaweza kubadilika na darasa linalokitumia linaweza kubadilika, lakini nambari ya nakala haibadiliki. Na nakala ikipotea, nambari yake isipewe nakala nyingine, la sivyo historia za vitabu viwili zitachanganyika.

Pili, tulichapisha nambari hizo kwa mfumo wa mistari uitwao Code 39, ambao unaweza kuchapishwa kwa fonti yake maalumu kwenye printa ya kawaida ya ofisi. Lebo zilibandikwa mahali pamoja kwenye kila kitabu na kufunikwa kwa selotepu ngumu. Tatu, nambari hiyo hiyo iliandikwa kwa kalamu ndani ya kitabu, karibu na muhuri wa maktaba. Lebo hubanduka, na mikono mingine huibandua kwa makusudi. Nne, kwenye mgongo wa kitabu, chini ya nambari ya rafu, tuliandika “n. 1”, “n. 2” na kuendelea, ili hata stima ikipotea mhudumu aweze kuandika daftarini ni nakala ya ngapi iliyotoka.

Faida ilionekana upesi. Sasa nakala ikichanika, inaondolewa peke yake, na rekodi ya kitabu inabaki. Tunaweza pia kuona kwamba katika nakala nane za kitabu fulani, tano hazijawahi kuguswa, basi tatu zinatosha na zilizosalia zipelekwe shule jirani. Hili ni jambo kubwa nchini mwetu. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, kwa lengo la kumwezesha kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake. Shule iliyopokea nakala 200 zinazofanana itazilindaje, na itamdai nani, ikiwa hazina majina?

Nirudi kwenye sarufi, maana ndiko nyumbani kwangu. Neno “kitabu” hubadilika katika wingi likawa “vitabu”. Neno “nakala” halibadiliki: nakala imepotea, nakala zimepotea. Umoja na wingi wake vinaonekana kwenye kitenzi au kivumishi tu. Sasa fikiria daftari la maktaba, ambamo watu huandika kwa mkato bila vitenzi: “Nakala – kupotea.” Moja au kumi? Msomaji wa daftari hana njia ya kujua. Kwa hivyo nawasihi walimu na wahudumu wa maktaba: neno “nakala” lisiandikwe daftarini bila idadi, na ikiwezekana bila nambari za nakala zenyewe. “Nakala 2 zimepotea: 00417 na 00422.” Sentensi hiyo haimwonei mtu.

Napendekeza pia tuwe waangalifu na matumizi ya maneno haya katika ripoti zetu. Tuseme “anwani” tunapohesabu majina ya vitabu, “toleo” maandishi yanapobadilishwa, “chapa” yanaporudiwa tu, na “nakala” tunapohesabu vitu vinavyoshikika. Maneno yote manne tunayo tayari, na hakuna haja ya kuunda kamati ya istilahi. Kinachohitajika ni kuyawekea mipaka na kuiheshimu.

Mfadhili atakapokuja kuuliza mna vitabu vingapi, mjibuni hivi: “Anwani 310, nakala 1,200.” Atajua papo hapo kama mnahitaji vitabu vipya au rafu mpya. Na mzazi atakapokuja na barua ya deni mkononi, mtaweza kumwonyesha kwa kidole nakala anayodaiwa mwanawe, au kumwomba radhi kwa haki na kumrudishia nauli yake.