Miti ya Fahari Inayonuka

Kiswahili chetu kimetenganisha mambo mawili kwa herufi moja tu: kunuka na kunukia. Mabwana wanaopanga miji, huko nchi tajiri na kwingineko, mara nyingi wamepanda kinachonuka wakitumaini kwamba kitanukia, au wamejua kabisa kwamba kitanuka lakini wakaona harufu si kazi yao. Waliobaki kuinusa ni mfagiaji, mwuza magazeti, na mtu anayengoja basi la zamu ya asubuhi. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya mishahara na nyumba za kambi. Lakini yafaa tulitazame, kwa sababu ndani yake mna swali tulilolizoea kazini: nani huamua, na nani huvumilia?

Mti unaotajwa zaidi ni mpea wa Bradford wa Marekani. Kila masika unafunikwa na maua meupe mpaka majani hayaonekani, na mtu akiuona kwenye picha atasema hakuna mti mzuri kuliko huo. Ukiukaribia, unanuka samaki aliyevunda. Wala si mfano tu wa kutia chumvi. Maua hayo hutoa kemikali iitwayo trimethilamini, ile ile inayompa samaki aliyeoza harufu yake. Mti una sababu zake: harufu ya namna hiyo huwaita nzi, nao husaidia kuchavusha maua. Kwa nzi ni karamu. Kwa binadamu aliyefungua dirisha ni adhabu ya wiki kadhaa.

Asili ya mti huu ni Uchina. Haukupelekwa Marekani kwa ajili ya maua. Mwanzoni mwa karne ya 20 mashamba ya mapea ya Marekani yalikuwa yakiteketea kwa ugonjwa wa bakteria unaokausha matawi kama yaliyopitiwa na moto, na wataalamu wakagundua kwamba mpea huu wa mwitu, ambao tunda lake halizidi gololi, huustahimili. Wizara ya Kilimo ikamtuma Frank Meyer, mtu wa Uholanzi aliyeanza maisha kama mtunza bustani Amsterdam, atafute mbegu. Meyer alizunguka Uchina kwa miguu, akatuma mbegu nyingi, na mwaka 1918 akafa maji katika mto Yangtze baada ya kutoweka melini usiku. Nia ilikuwa kutumia miche ya mwitu kama shina la chini, na juu yake kubebesha mpea wa kuliwa.

Miaka mingi baadaye, katika kituo cha serikali cha Glenn Dale, Maryland, wakaona mti mmoja uliotokana na mbegu za Nanjing ambao haukuwa na miiba kama wenzake. Ulikuwa na umbo zuri, ulikua haraka, haukudai udongo mzuri, na wadudu hawakuushughulikia. Wakaupa jina la Bradford, aliyepata kuwa mkuu wa kituo hicho. Katika miaka ya 1950 ukajaribiwa kwenye barabara za mtaa mmoja wa karibu, na mwaka 1963 ukatolewa rasmi kwa wenye vitalu. Mwaka 1966 Lady Bird Johnson, mke wa rais wa wakati ule, aliupanda mmoja kwa mikono yake jijini Washington. Baada ya hapo, kila mtaa mpya ukautaka.

Mfanyakazi wa shamba la chai ataelewa upesi yaliyofuata. Chai iliyopandwa kwa mbegu, kila kichaka kina tabia yake. Ile ya vipandikizi, kilima kizima ni kichaka kimoja kilichokatwa vipande. Bradford zote za Marekani ni hivyo hivyo: vikonyo vya mti mmoja vilivyobebeshwa juu ya miche ya mwitu. Uzuri wa mti mmoja ukawa uzuri wa barabara elfu, na kasoro yake vivyo hivyo. Matawi yake yanatoka karibu karibu na kwa pembe finyu, kwa hiyo mti ukifika miaka 15 au 20, upepo mkali au theluji nzito huupasua katikati. Tunda lililoiva likianguka unaokota. Nusu ya mti ikiangukia gari, unahitaji watu wenye msumeno wa injini, usiku na mvuani. Watu hao hawakuulizwa mwaka 1963.

Kasoro ya tatu ilikawia kuonekana. Wataalamu walisema Bradford haizai, na ni kweli kwamba Bradford kwa Bradford haizai. Lakini wenye vitalu, walipoona biashara inanoga, wakaleta aina nyingine za mpea huo huo zisizopasuka sana. Aina zikakutana, zikazaa, ndege wakala vitunda na kuvitawanya. Kinachoota sasa kando ya barabara kuu na kwenye mashamba yaliyoachwa si mti wa maonyesho tena bali kichaka cha mwitu chenye miiba inayotoboa tairi la trekta. Harufu ni ile ile.

Mti wa pili ni ginko, na huu nauheshimu zaidi. Ni wa ukoo wa kale mno, na una ugumu wa ajabu. Hiroshima, miti kadhaa ya ginko iliyosimama kilomita 1 au 2 kutoka mahali lilipolipuka bomu la mwaka 1945 ilichipua tena. Moshi wa magari hauusumbui. Ndiyo maana jijini Seoul, Korea ya Kusini, ndio mti ulio mwingi kuliko mingine yote ya barabarani, na majira ya majani kupukutika jiji zima huwa la manjano kama dhahabu.

Shida ni kwamba ginko ni mume na jike. Jike huangusha mbegu zenye nyama laini nje, na zikikanyagwa hutoa asidi ya butiriki, harufu ya siagi iliyochacha, au niseme wazi, ya matapishi. Mche mdogo haujitambulishi. Unapandwa, unamwagiliwa, unasubiriwa miaka 20 au 30, ndipo unaangusha mbegu na kusema kuwa ni jike. Mwaka 2011 wataalamu wa misitu wa Korea walipata njia ya kupima jani na kujua jinsia tangu mche ni mchanga, na Seoul imekuwa ikiondoa majike yaliyo karibu na vituo vya basi na kuweka madume. Mengine hushughulikiwa na watu: kila mwaka vikosi vya wafanyakazi wa jiji hutumwa kuvuna mbegu kabla hazijaanguka.

Hapa nawaomba ndugu zetu wa viwanda vya korosho, Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma, wasome polepole. Nyama ya mbegu ya ginko ina asidi za jamii moja na zile za mafuta ya maganda ya korosho. Mnajua wenyewe mafuta yale yanavyofanya mikono. Aokotaye ginko bila glavu hupata vipele, ngozi huvimba na kubanduka. Abiria anayepita huziba pua hatua kumi, yakaisha. Mfanyakazi anashika kitu hicho tangu alfajiri mpaka jioni, na kwake harufu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Nimekaa katika mazungumzo ya glavu na sabuni zaidi ya mara moja, na najua jibu linalotangulia daima: kwamba kazi ni ya msimu tu.

Jijini Washington walichagua njia ya dawa. Idara ya miti ilinyunyizia majike masika ili yasizae, kwa dawa iitwayo kloroprofamu, ambayo pia hutumika kuzuia viazi vya ghalani visichipue. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulikataa kuirefushia kibali kwa sababu ya mashaka juu ya afya. Harufu inapungua barabarani, na hatari inahamia kwa mtu aliyebeba bomba la kunyunyizia. Biashara hiyo kila aliyewahi kufanya kazi shambani anaijua.

Nisisahau Hanoi, Vietnam. Huko wana mti ambao wataalamu huuita Alstonia scholaris, jina lililotokana na mbao zake kutengenezewa vibao vya kuandikia vya wanafunzi. Huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, usiku ndipo huzidi, na watu wa Hanoi waliusifu kwa nyimbo. Mti mmoja pembeni ya ziwa unanukia. Walipoipanda mstari mzima mtaa kwa mtaa, watu wakaumwa vichwa. Miaka michache kabla ya 2020 baadhi ya miti hiyo iling'olewa ikahamishiwa kwenye jalala kubwa la Nam Son, ipambane na harufu ya takataka. Wanaofanya kazi jalalani wakapata harufu mbili.

Marekani sasa wanarudi nyuma. Jimbo la Ohio lilipiga marufuku kuuza mpea huu tangu tarehe 1 Januari 2023, baada ya kuwapa wenye vitalu miaka mitano wamalize mali yao. Pennsylvania ilifuata mwaka 2024, na Carolina ya Kusini tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo. Huko Carolina, mwenye nyumba akileta uthibitisho kwamba ameukata wake hupewa mche wa mti wa asili bure. Anayekata hushauriwa kukipaka kisiki dawa papo hapo. Asipofanya hivyo, kinachochipua mara nyingi si Bradford. Ni ule mche wa mwitu uliobebeshwa chini, na unatoka na miiba yake.