Salalah: Jabali ndilo linaloamua chui ale nini

Kila msimu wa kharif, Juni mpaka Septemba, familia zetu nyingi hufunga safari ya Salalah. Tunakwenda Wadi Darbat, tunapiga picha kwenye ukungu, tunarudi. Wachache wanakumbuka kwamba mashariki ya pale, Jabal Samhan, bado anaishi chui wa Arabuni. Porini kote wanakadiriwa hawafiki 200.

Watu hudhani chui huenda penye nyama nyingi. Si hivyo. Chui si mkimbiaji wa masafa, yeye hunyatia. Anachotafuta ni mahali pa kujificha karibu na windo.

Na mlima ule haufanani kila mahali. Upande wa bahari ukungu unaleta miti na nyasi. Kaskazini ni jangwa. Baina yake magenge na mabonde makavu.

Hebu tazama, kila mnyama ana ngome yake. Mbuzi mwitu mwenye pembe ndefu zilizopinda, yule Waarabu wamwitaye waal, hukimbilia genge, maana kwato zake hushika kwenye ukuta wa jiwe. Swala anategemea uwazi: akimwona adui mbali, mbio zinamtosha. Pimbi anajificha kwenye nyufa za mawe. Lakini hakuna awezaye kukaa ngomeni siku zote. Mbuzi mwitu atashuka kunywa maji, swala ataingia vichakani kutafuta majani, pimbi atatoka kuota jua. Hapo ndipo chui anapongoja. Akimkosa huyu leo, kesho atajaribu mwengine, na mzigo haumwelemei mmoja.

Tabu huanza mlima unapopoteza sura zake. Ngamia, ng'ombe na mbuzi wamekuwa wengi Dhofar, wanakula mpaka miche haikui. Vichaka vikiisha, chui hana maficho na swala hana chakula. Anabaki mbuzi wa zizini, asiyejua genge wala hana mbio. Mfugaji akipata hasara, hasira zake humwendea chui. Na yeye si wa kulaumiwa peke yake, kwani mbuzi wale ndio riziki yake.

Oman iliifanya Jabal Samhan hifadhi mwaka 1997. Jambo jema sana. Ila kumlinda chui bila ya kulinda vichaka na chemchemi ni kumwachia nyumba isiyo na jiko.

Basi mkienda safari hii, gari ibaki barabarani, isikanyage nyasi, wala msikate matawi kwa kuni. Na watoto waonyesheni jabali lile kwa mbali, wajue nani mwenyeji wake.